Kalala Mzima, Kaamka Mgonjwa

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeisikia tangu utotoni mpaka imechakaa masikioni, na sidhani kama kuna mtu wa kuipinga. Hebu tuiulize swali moja tu. Mtu katoka kwake kwenda kuukagua ukuta, kaukuta ufa, kauziba palepale. Tuseme kafanya nini? Kakagua ukuta, au kajenga? Linaonekana swali la watu wasio na kazi ya kufanya. Nchini Marekani, hata hivyo, jibu lake huandikwa kila siku kwa tarakimu tano, na kwa sababu ya tarakimu hizo mtu mmoja halipi hata senti, na mwenzake aliyelala kitanda cha jirani anapokea bili.

Nazungumzia misimbo ya malipo ya hospitali, hasa ile ya vipimo vya kamera inayopitishwa ndani ya njia ya chakula. Wapo wanaosema "kodi" badala ya "msimbo", na ukiziona bili zenyewe huwezi kuwalaumu. Najua hapa tumezoea kujadili riwaya na diwani. Lakini sisi tunaopenda maandishi tuna kila sababu ya kuyasoma na haya, kwa kuwa yanasimulia yaliyompata mtu, na msimulizi akibadilisha neno moja tu, mtu mwenyewe anabadilika.

Tuanze na namna yanavyofanya kazi. Daktari wa Marekani akimaliza kumhudumia mtu huandika ripoti kwa maneno ya kawaida. Ripoti hiyo humfikia mtu mwingine ambaye kazi yake ni kuigeuza kuwa namba. Nitamwita mwandishi wa misimbo. Namba za kazi iliyofanyika anazitoa kwenye kitabu kiitwacho CPT, ambacho ni mali ya Chama cha Madaktari cha Marekani, AMA. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1966. Nasema "mali" kwa maana yake halisi: kitabu kina hakimiliki, na anayetaka kukitumia katika shughuli zake hulipia leseni. Ni lugha yenye mwenyewe.

Ndani ya kitabu hicho, kamera ikipita mdomoni hadi tumboni na kuishia kutazama tu, jina lake ni 43235. Daktari akichukua kinofu cha kupeleka maabara, ni 43239. Kamera ikipita njia ya haja kubwa na kuutazama utumbo mpana wote, ni 45378. Kikichukuliwa kinofu huko, 45380. Na kikikutwa kinyama kilichoota kwenye ukuta wa utumbo, kikakatwa kwa kitanzi cha waya, ni 45385.

Lugha hii ina sarufi kali. Utumbo mpana unahesabiwa kuwa umechunguzwa pale tu kamera inapofika mwisho wake wa ndani kabisa, unapoungana na utumbo mwembamba. Kamera ya kutazama tu ikikwama njiani, msimbo unapewa kiambishi, 53, maana yake kazi ilikatishwa. Vinyama vikiwa viwili au kumi, maadamu vyote vimekatwa kwa kitanzi, unaandikwa 45385 mmoja, basi. Ila kimoja kikikatwa kwa kitanzi, na kingine mahali pengine kikang'olewa kwa koleo dogo, inaandikwa 45385 pamoja na 45380, na huu wa pili unavishwa kiambishi 59 kuonyesha kwamba hapakuwa mahali pale pale. Kwa hiyo aliyekuwa na vinyama viwili anaweza kuwa na misimbo miwili, na aliyekuwa na kumi akawa na mmoja. Lugha hii haihesabu ulichokuwa nacho. Inahesabu mkono wa daktari ulifanya nini.

Hapo kuna swali halijajibiwa. CPT inaeleza nini kimefanyika; haielezi kwa nini. Kazi ya kueleza kwa nini imeachiwa lugha ya pili, ile orodha ya magonjwa ya ICD ambayo leo inasimamiwa na Shirika la Afya Duniani. Mizizi yake iko kwenye orodha ya sababu za vifo aliyoiwasilisha Mfaransa Jacques Bertillon mwaka 1893. Yaani ilianza kama lugha ya kueleza watu wamekufa na nini, na polepole ikajifunza kueleza wanaumwa nini, halafu ikajifunza hata kueleza mtu asiyeumwa amefuata nini hospitali. Katika toleo ambalo Marekani inalitumia tangu Oktoba 2015, kuna msimbo Z12.11. Tafsiri yake kwa lugha ya binadamu ni hii: mtu huyu hana dalili yoyote, amekuja kuangaliwa kama ana saratani ya utumbo mpana. Na upo K63.5: mtu huyu ana kinyama kwenye utumbo mpana.

Kila dai linalokwenda kwa kampuni ya bima ni ndoa ya lugha hizi mbili. Na humo ndani pana mgongano wa falsafa ambao nadhani hata wanaoziandika namba hizo kutwa nzima hawana nafasi ya kuutafakari. Mwongozo wa lugha ya pili unasema wazi kwamba aliyekuja kwa uchunguzi wa kinga anabaki mtu wa uchunguzi wa kinga hata kama ugonjwa utagunduliwa humo humo; ugonjwa unaongezwa, unakaa nyuma. Lugha ya kwanza haina habari na hayo. Kinyama kimekatwa? Basi 45378 haipo tena, jina ni 45385. Lugha moja inalipa tendo jina kwa nia, nyingine kwa matokeo. Na Kiswahili kina mzaha wake hapo, maana "kulipa" tendo jina na "kulipa" bili ni neno lile lile.

Sasa mtazame mtu mwenyewe. Tumpe miaka hamsini. Hana maumivu, hana damu, anakula na kulala vizuri. Tangu 2021 jopo la wataalamu wa kinga la Marekani linashauri watu waanze kuchunguzwa utumbo mpana wakiwa na miaka 45, na sheria ya afya ya mwaka 2010, ile inayoitwa kwa jina la Obama, ilizitaka bima zilipe vipimo vya kinga vya aina hiyo bila mteja kuchangia. Basi kaenda. Jioni ya kuamkia siku hiyo kanywa dawa ya kusafisha tumbo, kashinda njia ya chooni. Asubuhi kalazwa kwa ubavu, kapewa dawa ya usingizi. Alipozinduka kaambiwa: tulikuta kinyama, tumekitoa, nenda kapumzike. Habari njema kabisa. Vinyama vya aina fulani ndivyo vinavyoweza, baada ya miaka, kugeuka saratani. Ufa umezibwa.

Halafu karatasi inafika. Kwa miaka mingi, mtu wa Medicare, bima ya serikali ambayo zaidi ni ya wazee wa miaka 65 na kuendelea, alikuwa katika hali hii: akichunguzwa asikutwe na kitu, msimbo ni G0121, hachangii chochote. Akikutwa na kinyama kikakatwa, G0121 inafutwa, inaandikwa 45385, naye anatakiwa kuchangia asilimia 20. Kalala mzima anayejikinga, kaamka mgonjwa aliyetibiwa. Na kilichobadilika mwilini mwake ni nini? Kimepungua kitu kimoja cha hatari. Kwa mwili yuko salama kuliko alivyoingia. Kwa karatasi ndiyo kwanza anaumwa.

Kuna historia nyuma ya ukorofi huu. Mpaka miaka ya sitini, kutazama na kutibu vilikuwa mambo ya siku tofauti na mara nyingi ya watu tofauti. Ukikutwa na kinyama ndani ya utumbo mpana, kukitoa kulimaanisha kupasuliwa tumbo. Mwaka 1969, jijini New York, Hiromi Shinya na William Wolff walianza kuvikata vinyama kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya kamera yenyewe. Tangu hapo jicho na mkono vikawa safari moja. Na ina maana iwe hivyo. Nani anataka kuamshwa, kuambiwa "tumekiona", arudi nyumbani, anywe tena ile dawa, alazwe tena, ndipo kitolewe? Lakini kitabu cha misimbo kilizaliwa miaka mitatu kabla, katika dunia ambamo kutazama ni jambo moja na kutibu ni jambo jingine. Kitanzi kiliunganisha matendo mawili. Majina yakabaki mawili.

Nisimdhulumu mwenye bima. Hoja yake ninaielewa, na fundi yeyote wa gari ataielewa. Gari imekwenda servisi. Fundi kakuta bushi imekwisha, kabadilisha. Utalipa bei ya servisi tu kwa sababu "nia" yako ilikuwa servisi? Bushi ina bei yake. Daktari aliyekata kinyama katumia muda zaidi, kifaa zaidi, kabeba hatari zaidi, maana utumbo unaweza kutoboka au kutoka damu. Kumlipa sawa na aliyetazama tu si haki. Tena ukisema kila kitu ni kinga na kila kinga ni bure, hiyo "bure" inalipwa na wote kupitia ada za bima, wakiwemo wasiokaribia kamera hata siku moja.

Sawa. Ila mfano wa fundi una tundu. Fundi akikuta bushi imekwisha anakupigia simu: "Bosi, nimekuta hivi na hivi, nifanyeje?" Unaweza kumwambia aache, hela huna, utarudi mwisho wa mwezi. Mtu wetu kalala. Ni kweli alisaini karatasi kabla, akaridhia kwamba kikikutwa kinyama kitolewe. Lakini aliridhia tendo. Hakuridhia kubadilishwa jina. Hakuna aliyemwambia kwamba akisaini kinyama kitoke, anasaini pia kwamba akizinduka atakuwa mtu wa aina nyingine mbele ya bima yake.

Hapa ndipo ninapoiona nguvu ya nia. Kwetu jambo hili halihitaji mwanafalsafa. Watu wawili wameshinda bila kula tangu alfajiri hadi magharibi. Mmoja kafunga, mwingine kakosa chakula. Ukiwapima damu, ukiwapiga picha, ukiwaandikia ripoti, hutaona tofauti. Tofauti ni nia, na nia ilitangulia tendo. Huwezi kuila sahani ya mchana halafu jioni ukadai ulikuwa umefunga, wala huwezi kushinda na njaa halafu jioni ukaigeuza kuwa saumu. Au mfano mwingine. Mtu kaja kusalimia, kakuta msiba. Kavua koti, kashika jembe, kashinda makaburini. Alikuja kusalimia. Matokeo ya siku hayawezi kurudi nyuma yakafuta sababu iliyomtoa nyumbani.

Mtu akiniuliza basi jina sahihi ni lipi, nitasema swali lina sehemu mbili na tumezichanganya. Daktari analipwa kiasi gani? Hilo liamuliwe na tendo. Kakata, alipwe kukata. Mgonjwa anachangia kiasi gani? Hilo liamuliwe na nia aliyoingia nayo, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa mikononi mwake. Kinyama hakukipanda yeye. Kukikuta si uamuzi wake, kukikata si kazi yake, kukata kwa kitanzi au kwa koleo si chaguo lake. Alichochagua ni kwenda. Na kwenda ndiko tulikokuwa tunamsihi.

Kinachonifurahisha ni kwamba mfumo wenyewe, pamoja na ukavu wake wote, umeshawahi kulikubali hili, na umelikubali kwa njia ambayo Mswahili ataitambua mara moja: kwa kiambishi. Lugha yetu inabeba maana nzito kwenye silabi moja. "Alipika" na "alipikwa": sauti moja imeongezeka, na mpishi kawa mlo. Basi kwenye misimbo kuna kiambishi 33 kwa bima binafsi na kiambishi PT kwa Medicare. Andika 45385-33, na namba zile tano zinaendelea kusema "kinyama kimekatwa", ila mkia unasema "lakini alikuja kwa kinga". Alama mbili tu, na nia ya mtu imepata pa kukaa. Mwaka 2013 serikali ilizifafanulia kampuni za bima binafsi kwamba kukata kinyama ni sehemu ya uchunguzi wenyewe, hivyo haitakiwi mteja achangishwe. Mwandishi wa misimbo akisahau ule mkia, bili inatoka. Na si daktari wa kamera peke yake anayeandika; wa usingizi ana dai lake, maabara ina lake, jengo lina lake. Nia yako inabidi ikumbukwe na watu ambao wengine hujawahi kuwaona.

Kwa upande wa Medicare, bunge lilikubali mwishoni mwa 2020 kwamba ule mchango wa asilimia 20 uondoke. Lakini uondoke vipi? Kwa awamu. Asilimia 15 kuanzia 2023, asilimia 10 kuanzia 2027, sifuri kuanzia 2030. Nimelisoma hili mara kadhaa, na kila nikilisoma nauliza: hivi jambo likishakubalika kwamba si haki, linapunguzwaje kama deni la friji? Mzee aliyekatwa kinyama mwaka 2024 alikuwa na haki kiasi gani? Robo ya ile ya mzee wa 2030? Bajeti ina hoja zake, najua. Ila maadili hayana awamu. Ama mtu yule alikuwa anajikinga, ama hakuwa.

Mpaka hapa nimeongea kana kwamba nia ni kitu cheupe kinachoonekana. Sasa tufike penye ugumu wenyewe.

Nia ya mgonjwa inajulikanaje? Kwa maneno yake. Kabla ya kipimo anaulizwa: una shida yoyote? Akisema hapana, ni Z12.11, uchunguzi wa kinga. Akisema, "Kwa kweli, wiki iliyopita niliona damu kidogo chooni," sentensi hiyo moja inaandikwa, na kuanzia hapo si kinga tena. Ni uchunguzi wa ugonjwa, na kipimo kile kile, kamera ile ile, siku ile ile, kinaweza kumtoza mamia ya dola, au zaidi, kabla bima yake haijaanza kulipa chochote. Damu hiyo huenda ni bawasiri tu. Huenda siyo. Damu kwenye haja kubwa ni mojawapo ya dalili za saratani ya utumbo mpana, na ndiyo maana daktari anauliza.

Fikiria tunachomfundisha mtu huyu. Tunamwambia: ukisema kweli, lipa, ukinyamaza, bure. Jirani yake aliyewahi kutozwa atamnong'oneza, "We sema huna shida, watakuta wenyewe." Ushauri wa mtu anayempenda. Na chumba cha daktari ni miongoni mwa sehemu chache zilizobaki ambapo binadamu anavua nguo na kusema kweli bila kujipamba. Mfumo unaotoza pesa kwenye kweli ya mgonjwa unaharibu kitu ambacho hauna namba ya kukihesabia. Hili kwangu ni zito kuliko asilimia 20. Asilimia inaweza kufutwa 2030. Mazoea ya kumficha daktari yakishaingia kwenye familia hayafutwi na bunge.

Na hapo katikati kuna mtu ambaye hatumkumbuki: mwandishi wa misimbo. Simu inaita. Mama mmoja kapata bili, analia au anafoka. "Nilikwenda kupimwa tu kawaida. Nibadilishie hiyo namba." Mwandishi anafungua ripoti, anaona imeandikwa: damu, wiki iliyopita. Anajua namba moja ikibadilishwa mama huyu atalala usingizi leo. Afanye nini?

Kazi yake ina msemo wanaorithishana: kisichoandikwa hakikufanyika. Kinyume chake nacho kinamfunga: kilichoandikwa hawezi kukifanya hakikufanyika. Kudai malipo ya serikali kwa namba isiyo ya kweli ni kosa chini ya sheria ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1863, enzi za Lincoln, ilipotungwa kuwabana wazabuni waliolidanganya jeshi wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya wezi wa vita leo inamkabili karani mwenye huruma.

Wapo watakaosema abadilishe, huruma ni bora kuliko karatasi. Mimi sikubali, na si kwa sababu ya kuogopa sheria. Karatasi ile ndiyo kumbukumbu ya mwili wa yule mama. Damu ile ikifutwa leo ili alipe kidogo, daktari wa mwaka kesho hataijua. Uongo wa huruma unamtibu mfuko na kuuacha mwili gizani. Lakini palipo na kosa la kweli, mama alikwenda kwa kinga, ripoti inasema kinga, na mkia ukasahauliwa, hapo mwandishi ana wajibu wa kuupigania ule mkia kama mhariri anavyoipigania nukta iliyobadilisha maana ya shairi la mtu. Uaminifu wake uko hapo: asiongeze huruma isiyoandikwa, wala asipunguze nia iliyoandikwa.

Jambo la mwisho kuhusu majina: yanaganda. Aliyekatwa kinyama mwaka huu, akirudi baada ya miaka michache kuangaliwa tena, si mtu wa uchunguzi wa kinga kama wenzake. Anaitwa mwenye historia ya vinyama, na safari yake inaitwa ufuatiliaji. Medicare inamhesabu kuwa mwenye hatari kubwa, ina msimbo wake, G0105, na bado inauita uchunguzi wa kinga. Bima nyingine hazioni hivyo, zinamtoza. Kwa maneno mengine, yule aliyetii methali, akauziba ufa mapema, ndiye anayebeba jina la mwenye nyumba mbovu. Aliyekaa nyumbani bila kupimwa hana historia. Karatasi yake safi.

Mtu atasema haya ni matatizo ya walioshiba. Huku kwetu kuna ukanda wa saratani ya umio unaoshuka mashariki mwa Afrika kutoka Ethiopia kuelekea kusini, na wengi hufika kwenye kamera wakati ugali haupiti tena, hata uji unapita kwa taabu. Hospitali ya Tenwek kule Bomet imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwawekea wagonjwa kama hao mirija ya kuifungua njia. Mtu wa hivyo haulizwi kama amekuja kwa kinga au kwa ugonjwa. Jibu liko usoni. Kutofautisha kutazama na kutibu kunahitaji kwanza uwe umefika mapema, na kufika mapema kunahitaji kamera iwe karibu na nauli iwepo.

Nakubali. Lakini ndiyo sababu ya kuliwaza jambo hili sasa. Kenya ilihama kutoka NHIF kwenda SHA Oktoba 2024. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Orodha za nini kinalipwa na nini hakilipwi zinaandikwa, zinarekebishwa, na kila orodha ya malipo ni kamusi: inaamua tendo lipi liitwe nini. Kamusi ikishachapwa ni vigumu kuibishia, kwa sababu hata ukienda kulalamika unalazimika kulalamika kwa maneno yake. Wamarekani walikuta majina yameshakauka, wakaanza kuyabandika viambishi. Sisi wino bado mbichi.

Ningeulizwa ni kanuni gani iandikwe juu ya ukurasa wa kwanza wa kamusi hiyo, ningesema mambo mawili. Anayekuja mapema asije akaadhibiwa kwa kilichokutwa. Na mgonjwa akiulizwa "una shida yoyote?", jibu la kweli lisiwe na bei. La pili ni gumu zaidi kulitunga kisheria, na huenda hakuna nchi itakayolimaliza. Lakini bila hilo kipimo chenyewe kinaanza kwa uongo, na kamera nzuri namna gani haiwezi kuona kilichofichwa kabla haijawashwa.